Msomaji wa Banda la Salfa

Msomaji hakupokea karatasi ya mtoto yeyote kabla mtoto hajamsimulia kilichoandikwa. Ulikwenda mbele, ukasimama karibu na kiti chake, karatasi umeishika mgongoni kama alivyotaka mwenyewe, naye akakuinamishia sikio la kulia. "Nisimulie kwanza," alisema. Kiswahili kikikukwama alikuruhusu umwambie kwa Kimakonde au Kimakua, zote alizijua. Ukimaliza ndipo aliponyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na uso, akairudisha karibu, akafumba macho kidogo, akatusomea sote kwa sauti.

Sauti ile sijaipata kwa mtu mwingine. Haikuwa kubwa, lakini iliwafikia hata watoto waliokaa nyuma ukutani, na ilijua mahali pa kupumzika. Akisoma habari ya mbuzi aliyepotea, ulimwona mbuzi. Mtoto aliyeandika alirudi kwenye mkeka wake ameinua kidevu, akiamini kwamba maneno yale yote yametoka kwake.

Kituo chetu kilikuwa Mnyambe, ndani ya banda ambalo zamani lilihifadhi salfa ya kupulizia mikorosho. Mifuko iliondoka, harufu ikabaki. Siku za joto kinywa kilikuwa na ladha ya kiberiti mpaka unafika nyumbani. Watu wa kujitolea walikuwa watatu: katekista, ambaye ndiye aliyeliomba banda, Mama Shukuru, aliyeshika ufunguo na kuwafundisha wadogo kuumba herufi, na Msomaji. Tulikuja mchana tukitoka shule, wengine na ndoo zao tupu, maana wakitoka hapo walikwenda kupanga foleni ya maji. Tuliandika mambo yetu wenyewe, si insha za shule. Katekista alisema mtoto aliyezoea kuandika mambo yake hataogopa mtihani.

Sasa naweza kusema jambo ambalo sikulijua wakati ule. Msomaji alikuwa haoni herufi. Hakuwa kipofu wa kushikwa mkono. Aliuona mlango, alimwona mtu aliyesimama, alijua jua limefika wapi. Lakini maandishi, tena maandishi ya kalamu ya risasi ya mtoto, kwake yalikuwa ukungu mtupu. Ilikuwa hivyo tangu kabla mimi sijaingia pale. Kile alichotusomea kilikuwa kile tulichomsimulia, amekitia chumvi yake.

Mtu akisikia hivyo hucheka, husema mzee alikuwa mjanja. Mimi sijaweza kucheka.

Jina la Msomaji alilipata zamani, kwa kusomea watu barua. Kijiji kizima kilimpelekea barua zilizotoka Mtwara na Dar es Salaam, naye alisoma huku mwenye barua akilia au akicheka. Zilipokuja simu, akina mama walimpelekea ujumbe wa watoto wao. Nilimwona mara kadhaa. Aliishika simu mkononi, akasema mwanga wake unamuumiza, kisha akamwuliza mama, mwanao kwa kawaida huwa anasemaje? Mama akaeleza kwamba mwanawe kwa kawaida huuliza hali ya baba na kusema kazi ni ngumu. Msomaji akatulia, akasoma kwamba mwana anauliza hali ya baba, kazi ni ngumu, anawasalimu mpaka jirani. Mama akashukuru, akaondoka ameridhika. Ni nani angemshuku? Ujumbe wenyewe kweli ulikuwa kama ujumbe wa mtoto wake.

Na bado hakuna mtu niliyemwona akichukia uongo kama yeye. Kijana mmoja alinakili hadithi kutoka kwenye kitabu cha shule, akaja kuisimulia kana kwamba ni yake. Msomaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, taratibu kabisa, hiyo si sauti yako, nenda kafagie. Kijana akafagia banda lote. Siku ile Msomaji alituambia mwongo hafai kushika kalamu. Alisema hivyo ameikunjua karatasi ya mtoto mwingine mapajani, na nadhani aliamini kila neno alilolisema. Kwake uongo ulikuwa kuchukua cha mtu. Kuongeza hakukuwa uongo, kulikuwa ukarimu.

Maneno kama hayo alikuwa nayo mengi. Alipenda kusema macho husoma herufi, sikio ndilo husoma maneno. Alisema pia kwamba neno likisimuliwa vizuri limekwisha kuandikwa nusu. Katekista aliyaandika hayo kwa chaki juu ya mlango, na mvua ya upepo ikayafuta, akayaandika tena.

Sitaki ionekane hakuwa na wema. Miezi ya njaa, kabla mahindi hayajakomaa, mkewe alichemsha ming'oko ya porini, naye akaja nayo bandani kwenye sufuria iliyofunikwa kanga. Watoto waliotoka shule na tumbo tupu aliwajua bila kuuliza. Aliimenya mizizi ile akitazama kwingine, vidole vinafanya kazi peke yake, kisha akampa kila mmoja kipande mkononi na kukifunga kiganja cha mtoto kwa vidole vyake. Na mtoto akiugua alikwenda kumtazama kwao, hata kama ni mbali, akipapasa njia kwa fimbo ambayo alisema ni ya nyoka.

Kwa macho yake aliilaumu salfa. Ujana wake wote alipuliza mikorosho ya watu, mashine mgongoni, uso wazi, vumbi la njano limemjaa mpaka kwenye kope. Nesi wa zahanati alisema si salfa, ni mtoto wa jicho, hutolewa, madaktari huja hospitali ya wilaya. Hilo nililisikia baadaye kwa Mama Shukuru, ambaye ni shoga wa nesi. Kila madaktari walipokuja Newala, Msomaji alikuwa na shamba la kupalilia au msiba wa kwenda. Mama Shukuru alielewa kwa nini, na hakumlazimisha. Kwetu mzee anayesomea watu huamkiwa na njia nzima. Mzee asiyeona huletewa chakula na kuulizwa kama amekwisha kula.

Sasa niseme habari yangu, maana bila hiyo haionekani kwa nini sicheki.

Mimi ni mtu wa maneno machache. Nyumbani walizoea, wageni wakija mama aliwaambia huyu Somoe hana ugonjwa, ndivyo alivyo. Nikisimama mbele ya watu ulimi unakuwa mzito na maneno yanarudi tumboni. Lakini nikishika kalamu yalitoka. Taratibu, neno moja moja, wengine wamemaliza na wanachezea nje mimi bado nimeinama, lakini yalitoka. Darasa la saba muda wa mtihani uliniishia kalamu ikiwa katikati ya ukurasa, na sikuchaguliwa kwenda sekondari.

Hapo ndipo kituo kilipokuwa na maana kwangu kuliko kwa wengine. Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa yakishatoka, watu wa kituo walimchukua mmoja wa waliobaki wakampeleka Masasi kwa jamaa wa katekista, asome masomo ya sekondari ya jioni. Ni mmoja tu, kwa sababu nyumba ya jamaa yule ilikuwa na nafasi ya mmoja. Msomaji ndiye aliyemchagua, kwa kuangalia nani anaandika vizuri. Nilijua kuwa mdomo hautanifikisha popote. Nikasema moyoni, mahali pamoja duniani panapochagua kwa kalamu ni hapa.

Nikaandika habari ya maji. Bibi yangu alipofariki, kisima chetu cha maji ya mvua kilikuwa kimekauka, na maiti haioshwi kwa mate. Jirani yetu, Mama Hadija, alikuwa hasemezani na mama kwa ajili ya mpaka wa shamba. Walipishana njiani kama miti. Asubuhi ile ya msiba Mama Hadija akaja na ndoo kichwani, akaitua mlangoni, akaichukua ngata yake, akaondoka bila kumwamkia mtu. Mama naye hakushukuru. Maji yakamwosha bibi. Na baada ya mazishi wakaendelea kutosemezana vilevile. Niliandika yote hayo, pande zote mbili za karatasi, na namna ndoo ilivyotikisika ikamwaga kidogo, na mama alivyoutazama udongo uliolowa.

Nikaenda mbele. Msomaji akaniinamishia sikio.

"Nisimulie kwanza."

"Ni habari ya maji," nikasema.

"Maji yamefanya nini?"

Nikatafuta neno, sikulipata. Watoto walikuwa wananitazama.

"Yalikuwa machache," nikasema.

Akangoja. Nakiri alingoja sana, kuliko walimu wa shule. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua karatasi yangu, akaisogeza mbali na kuirudisha karibu, akasoma: "Maji ni uhai. Kwetu maji ni machache. Tuyatunze." Akanirudishia.

Nilirudi kwenye mkeka wa nyuma na karatasi iliyojaa pande mbili. Sikufikiri kwamba haoni, nani angefikiri hivyo? Nilifikiri ameisoma yote kimoyomoyo, akaona ni mbaya, akanihurumia mbele ya watu kwa kusema yale matatu yanayosemeka. Nilimshukuru. Kwa kweli nilimshukuru, siku nzima.

Wiki iliyofuata niliandika kwa kufupisha. Akasoma mistari miwili. Nikafupisha tena. Kila nilichokifupisha alikisoma kifupi, nikaona nimeanza kuelewa anachotaka. Mwisho niliandika mstari mmoja ambao hata ulimi wangu uliuweza, naye akausoma mstari mmoja, karibu sawasawa na nilivyouandika, nikaona leo tumepatana. Mama Shukuru alipopita alitazama akasema herufi zangu nzuri kuliko za wote. Yeye alikuwa mtu wa herufi, kilichosemwa na herufi hakikumhusu.

Aliyechaguliwa mwaka ule alikuwa Bakari. Bakari alikaa mkeka wa mbele, alikuwa na mdomo kama redio. Hadithi yake ilikuwa ya panya wa shambani aliowafukua na kaka zake, na kila wiki panya waliongezeka ukubwa, mpaka mmoja akawa anawafukuza wao. Msomaji akiisoma banda zima lilianguka kwa kicheko, na katekista alisimama mlangoni akifuta machozi. Sikumwonea wivu. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba anaandika vizuri.

Wakati huohuo walikuja wageni kutoka Masasi, vijana wenye moyo mzuri waliotaka kufungua kituo chao. Walikaa siku kadhaa wakimtazama Msomaji. Waliandika namna alivyomtaka mtoto asimulie kwanza, kwa lugha ya nyumbani, karatasi ikiwa mgongoni. Waliandika namna alivyoisogeza karatasi mbali na kuirudisha karibu. Mmoja akamwuliza, Babu, kwa nini unafumba macho kidogo unaposoma? Msomaji akasema, "Ili maneno yasitawanyike." Yule kijana akaliandika hilo pia, akalipigia mstari chini.

Niliondoka Mnyambe nikaenda Masasi kwa njia yangu, si ya kituo. Nikaingia kikundi cha akina mama wanaobangua korosho. Ni kazi ya vidole. Mafuta ya maganda yanakula ngozi, unajipaka majivu, kesho yake unaanza tena. Sikuandika kitu. Nilikuwa najua kipimo changu ni mstari mmoja.

Bakari nilikutana naye stendi ya bodaboda, amekaa juu ya pikipiki yake, amenenepa.

"Somoe!" akasema. "Bado hujajifunza kuongea?"

Nikamwuliza masomo yameishia wapi. Akasema aliyaacha mapema, masomo yalitaka kuandika kila siku. Nikamwambia, lakini wewe si ndiye uliyekuwa unaandika kuliko wote? Akanitazama kuona kama natania.

"Wewe ulidhani Babu anasoma?"

"Alikuwa anasoma."

"Alikuwa anasoma mdomo wako, dada. Mimi mwaka mzima nilimpa karatasi ileile. Siku moja nikampa imegeuzwa juu chini, na panya wote akawamaliza, hakumwacha hata mmoja. Mkeka wa mbele wote tulijua."

Akacheka, akapiga tangi la pikipiki kwa kiganja. Wenzake wawili waliokuwa karibu wakacheka naye bila kujua ni nini. Kisha akaona uso wangu.

"Sasa ungetaka tufanyeje?" akaniuliza, na sauti yake haikuwa tena ya stendi. "Tumseme mzee wa watu mbele ya watoto? Wewe ungeweza kumwaibisha babu yako?"

Nikamwambia hapana, nisingeweza. Ni kweli, na hilo ndilo linalouma. Hakuna aliyefanya kibaya. Mama Shukuru alimsitiri, Bakari na wenzake walimsitiri, na mimi kama ningejua ningemsitiri. Heshima ya mzee ililindwa na kijiji kizima, na gharama yake ililipwa na watoto wa mkeka wa nyuma ambao hawakuambiwa kwamba wanalipa.

Nilirudi kwenye korosho. Siku nyingi nilifanya kazi nikihesabu moyoni yale niliyokuwa nimeyafupisha. Nilijaribu kukumbuka watoto wengine tuliokaa nao ukutani. Alikuwapo mmoja mwenye kigugumizi, akienda mbele anasimulia neno moja na kurudi. Alikuwapo msichana wa Kiyao aliyekuja kuishi kwa shangazi yake, hajui Kimakonde wala Kimakua, Kiswahili chake cha shida. Wote wawili waliandika kwa kuinama, najua, niliwaona migongo. Yaliyokuwa kwenye karatasi zao hakuna anayeyajua. Mama Shukuru alikuwa akizitumia karatasi zilizobaki kuwashia moto wa vitumbua.

Kisha nikapita kwenye kituo cha wale vijana wa Masasi. Wamepata chumba kizuri, kina dirisha, na watoto ni wengi. Nilisimama mlangoni. Mbele alikuwa amekaa kijana mwenye macho yake mazima, macho makali ya kutunga uzi kwenye sindano. Mtoto mdogo wa kike alikuwa amesimama mbele yake, karatasi mgongoni, na kutoka mlangoni niliona imejaa mpaka pembeni.

Kijana alimwambia asimulie kwanza. Mtoto akasema ni habari ya bibi yake. Enhe, bibi alifanya nini? Alisafiri. Kijana akaichukua karatasi, akaisogeza mbali, akairudisha karibu, akafumba macho kidogo, akasoma: "Bibi yangu alisafiri, nilimkumbuka sana." Kisha akamrudishia. Mtoto akaenda kukaa.

Watoto walipotoka nilimwita yule kijana nikamwambia, kaka, ile karatasi ilikuwa imejaa. Ilinitoka kwa shida. Akanijibu kwa adabu, akanieleza kwamba hii ni njia yao, mtoto akishindwa kusimulia maana yake hajaelewa alichoandika, kwa hiyo wanamsubiri akomae. Akasema mwanzilishi wake ni mzee mmoja wa Newala, na kama napenda mambo ya watoto niende kujifunza kwake. Kwa bahati yuko karibu. Ametolewa mtoto wa jicho, binti yake alimpeleka hospitali kwa nguvu, sasa yuko Lukuledi kwa huyo binti anapumzika.

"Alikuwa haoni kabisa," akasema. "Sasa anasoma hata gazeti."

Nilimtazama. Alikuwa amesema maneno yote hayo kwa pumzi moja na hakuna kitu kilichogusana kichwani mwake.

Nikaanza kuiandika upya habari ya maji. Niliiandika mchana, saa za kupumzika, vidole vikiwa na majivu. Ilichukua majuma. Sikutaka msaada wala radhi ya mtu. Nilitaka kitu kimoja, macho yake yapite juu ya mistari yangu mpaka mwisho, kama yalivyopaswa kupita mwaka ule, nami nijue kama ningechaguliwa.

Nilimkuta Lukuledi uwanjani kwa binti yake, Mama Neema, anachambua mbegu za karanga kwenye ungo. Alikuwa na miwani mipya. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu." Akaninyanyulia macho, na ilikuwa mara ya kwanza yanauona uso wangu. "Nani wewe?"

"Somoe."

"Somoe wa wapi?"

"Wa Mnyambe. Nilikaa mkeka wa nyuma."

Akafikiri. Alikuwa anatafuta sauti yangu kwenye kumbukumbu yake, na haikuwamo, maana sikuwahi kumpa. Kisha uso ukamfunguka.

"Ah," akasema. "Yule aliyekuwa anaandika mafupi."

Nikatoa karatasi. Akaweka ungo chini, akafuta mikono, akaniinamishia sikio la kulia.

"Haya, nisimulie kwanza."

"Soma, Babu."

Sikio likabaki pale kidogo. Kisha akaniangalia usoni, na nadhani hapo alijua kwamba najua. Akaichukua karatasi, akairekebisha miwani, akasoma kimya, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Alisoma polepole kama mimi ninavyoandika. Kuku walipita katikati yetu. Akageuza upande wa pili, akamaliza, akarudi upande wa kwanza, akatafuta mahali fulani, akapasoma tena.

"Huyu jirani hakusema kitu?"

"Hakusema."

"Hata siku ya tatu?"

"Hata leo hawasemezani."

Akatikisa kichwa. "Hii umeiandika lini?"

"Mara ya kwanza, mwaka ule aliochaguliwa Bakari."

Alikaa nayo mapajani. Nilingoja aseme nisamehe, na wakati huohuo nilijua kwamba akisema sitakuwa na mahali pa kuiweka.

"Ungeniambia nimeruka," akasema mwisho. "Wewe ndiye uliyekuwa umeandika. Ulinisikia nasoma vitu vingine, ukanyamaza."

"Nilidhani umeruka kwa sababu ni mabaya."

Aliitazama karatasi tena, si kwa kusoma.

"Ningekuchagua wewe," akasema.

Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya maneno hayo, na yalipofika yalikuwa maneno tu. Jamaa wa katekista alikwisha kuhamia Tunduru. Banda la salfa limefungwa. Nikamwambia asante, Babu, kwa sababu ndivyo mtu anavyomjibu mzee.

Labda aliona kwamba haitoshi. Akamwita binti yake aliyekuwa jikoni. "Mama Neema, njoo usikie alichoandika mjukuu wangu huyu." Mama Neema akaja anapangusa mikono kwa kitenge, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Msomaji akanyanyuka kidogo kwenye kiti, akaishika karatasi juu, na ile sauti ikarudi. Bibi yangu alifariki, kisima kimekauka, mpaka wa shamba, ndoo kichwani, kila kitu kilikuwapo na kilikuwa changu. Nilisikia maneno yangu kwa sauti ile, nikaona kumbe yanaweza kusomwa. Mama Hadija akaitua ndoo mlangoni.

"Kisha akamkumbatia mama," Msomaji akasoma, "wakalia pamoja, na ugomvi wote ukaishia hapo, maana maji ni uhai."

Mama Neema akasema eeh, akajifuta jicho kwa pembe ya kitenge.

"Hilo halipo, Babu," nikasema.

Nilishtuka mwenyewe. Mama Neema akanigeukia, kwa sababu mtoto wa watu hamkatizi mzee anaposoma.

"Halipo wapi?" akauliza Msomaji.

"Kwenye karatasi. Hakumkumbatia. Soma lililopo."

Akaishusha karatasi. Akatafuta mstari kwa kidole, akaupata. Kisha akasoma, na sauti nzuri haikuwamo tena, alikwamakwama kama mtu anayevuka mto kwa mawe: akaitua mlangoni, akaichukua ngata yake, akaondoka bila kumwamkia mtu. Mama naye hakushukuru. Akaendelea hivyohivyo mpaka neno la mwisho, bila kuongeza wala kuruka, akanirudishia karatasi yangu.

Mama Neema alikuwa amekwisha kusimama, sufuria yake inachemka.

"Baba," akasema, "ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."